Mgeni Aliyekuja Bure

Mashine ilisema wamo wawili.

Kokulinda alikuwa ameiwasha asubuhi, watoto wakubwa walipokwisha kwenda shule, ili amalizie kadi za harusi za watu wa Kirumba kabla umeme haujakatwa. Kila akiwasha alikuwa na desturi ya kuandika lile neno fupi la kuiuliza Linux, programu iliyoiendesha mashine, ni nani yumo ndani. Siku zote ilijibu jina moja, mama, kwa kuwa ndivyo dada yake alivyomsajili. Asubuhi hiyo, chini ya mama palikuwa na mstari mwingine: mgeni.

Nyumba yao ya mtaa wa Pasiansi haikuwa na simu. Kompyuta haikuunganishwa na waya wowote ila wa umeme na wa printa. Hata hivyo Kokulinda alichungulia nyuma ya meza, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga, akarudi kukaa. Kadi hazijichapi zenyewe.

Ilikuwa kompyuta chakavu, ya ofisi ya umma iliyofungwa miaka ile mashirika yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Mumewe, Deodatus, aliyekuwa akifanya kazi humo, aliambulia hiyo na mkono wa kwaheri, akaenda kutafuta kazi kwenye kivuko cha Kigongo, nyumbani akawa wa kuonekana Jumamosi. Programu za mwanzo zilijaa virusi, zikawa zinakula kazi za watu. Ndipo Bernadetta, dada mkubwa wa Kokulinda aliyeishi Nansio, ng'ambo ya ziwa, na aliyefundishwa kompyuta kwenye mradi wa samaki, alipokuja na diski za Linux alizonakili kutoka mashine yake mwenyewe.

"Hii ni ya bure, Koku. Haina mwenyewe. Unanakili, unampa umtakaye, hakuna wa kukuuliza."

"Cha bure kitanitokea puani, dada."

"We pokea. Pokea kwa mikono miwili, mimi si mkubwa wako?"

Kokulinda akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama walivyolelewa kwao Muleba, huku akicheka. Bernadetta hakucheka. Aliziachia diski haraka, kama mtu anayeweka chini sufuria ya moto, na chai hakuimaliza.

Miezi ikapita salama. Linux haikugoma, haikushika virusi, na Kokulinda alijifunza amri zake kama alivyojifunza kupika: kwa kuunguza kwanza. Mpaka alipokuja huyo mgeni.

Siku iliyofuata alikuwamo tena, na pamoja naye ilikuja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ilhali jikoni hapakuwa na moto. Diski ndani ya mashine ilikuwa ikiguguna kama panya kwenye gunia la karanga, ingawa Kokulinda hakuwa ameigusa. Akakasirika. Linux humpa mwenye mashine cheo cha mkuu, ambacho kwacho anaweza kumfuta yeyote. Akaingia kwa cheo hicho, akaandika amri ya kumfuta mgeni, akabonyeza.

Uani Alexander, mwanawe wa mwisho, alikuwa akihesabu vifaranga kwa sauti. "Moja, mbili, ta..."

Kokulinda alingoja hiyo tatu. Haikuja. Alipotoka alimkuta mtoto amesimama, mdomo wazi, kidole bado kimeelekezwa kwa kifaranga cha tatu.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima. Padri akamwombea. Deodatus alikuja Jumamosi, akamtikisa mtoto mabega, akaenda kukaa nje peke yake. Alexander alikula, alicheza, alitii, lakini sauti hakuwa nayo tena, hata ya kulia.

Kisha ikaja jioni ya mgao. Umeme ulikatika jua likizama, na Kokulinda, akiwa amepiga magoti jikoni anatafuta kiberiti, akasikia vitufe vya kompyuta vinabonyezwa, taratibu kwanza, kisha haraka, haraka kuliko anavyoweza mtu aliyesomea kazi hiyo, na alipousukuma mlango wa sebule alimwona Alexander amekaa kwenye kiti cha mama yake mbele ya kioo cheusi kisicho na umeme, vidole vyake vidogo vikikimbia bila yeye kuvitazama, macho ameyageuzia pembeni, kwenye kiti cha wageni kilichokuwa kitupu, na kitambaa cha kiti hicho kilikuwa kimebonyea katikati, kikabaki hivyo kwa muda, kisha kikanyanyuka polepole kama mtu mzito anaposimama kumpisha mwenye nyumba.

Kulipokucha, jirani yake Suzana alimnong'oneza ukutani, "Mama Alexander, ya hospitali umemaliza. Nenda Kisesa kwa Ng'washi. Jifunike tu, hakuna wa kukujua."

Ng'washi, mganga, alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti kavu. Alinusa utosi wa mtoto kama anayenusa maziwa.

"Huyu hakupita dirishani. Alipokelewa mlangoni. Nani alikupa kitu, akakukazania mikono miwili?"

Kokulinda aliitazama mikono yake mwenyewe. "Ni dada yangu. Tumbo moja."

"Ndiyo maana hukuuliza."

"Mfukuze basi, mama."

"Ulishamfukuza mwenyewe. Si umeona alikokwenda?" Ng'washi akamfunga mtoto vifungo vya shati. "Sauti ameila. Akimaliza sauti huanza pumzi. Moshi wangu hauna kazi hapo. Aliyeingia kwa kupokelewa hutoka kwa kupokelewa. Mpeleke kwa mtu aliyemleta, ampokee kwa mikono miwili, kwa hiari. Wa kulazimishwa hapokei kitu."

Kesho yake walipanda meli ya asubuhi ya Nansio. Alexander alilala mapajani, na Kokulinda aliweka mkono kwenye pua yake kila mara, akisikiliza pumzi. Ilikuwa fupi kuliko ya jana.

Nansio walifika mchana, jua kali, lakini nyumbani kwa Bernadetta mapazia yalikuwa yamefungwa. Bernadetta alifungua mlango, akamtazama mtoto kabla ya kumtazama mdogo wake. Hakuuliza anaumwa nini.

"Ulijua," Kokulinda alisema.

"Ingia ndani, watu wasije wakasikia."

Ndani, harufu ilikuwa ile ile.

"Nilitafuta cheo pale mradini," Bernadetta alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akanipa msaidizi. Kila nilichogusa kikanyooka. Hakuniambia anakula nini, mpaka Rose wangu alipoacha kuongea. Mtu huyo akasema nikimpa mwingine msaidizi huyo, ataondoka."

"Ukaniona mimi."

"Wewe unao wanne, Koku. Mimi ninaye mmoja tu."

Kokulinda alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa ubishi, hata kwa kufukuzwa. Kwa hesabu hiyo hakuwa amejiandaa. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kisimani, aliyemmegea kipande kikubwa cha ndizi.

"Na aliondoka?"

Bernadetta alitazama chumba cha ndani. Kutoka huko kulikuwa na mlio wa vitufe.

"Hakuondoka," alisema. "Sielewi. Nilitoa, akabaki."

"Unaelewa sana, dada. Ulinakili. Diski umenipa, na kwako zimebaki. Mbuzi ukimgawa, zizi linapungua. Hivi ukivigawa vinakuwa viwili." Akamsogeza Alexander mbele. "Mpokee."

"Siwezi kuwa na wawili."

"Mwanangu anaishiwa pumzi. Toa mikono."

Bernadetta aliificha mikono kwapani, akatikisa kichwa, akaendelea kutikisa.

Vitufe vilinyamaza. Rose akatoka. Alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, mrefu, amekonda hadi sare ya shule ilimning'inia kama nguo kwenye kamba. Alipita mbele ya mama yake, akapiga goti mbele ya Alexander, akamshika kwa mikono miwili. Sauti iliyomtoka, ya kwanza tangu aache kuongea, ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Nampokea, mama mdogo."

Bernadetta alimtazama mdogo wake. Ilitosha Kokulinda aseme hapana, Rose asiongezewe mgeni wa pili. Ni neno fupi, na mtoto wa dada yako ni mtoto wako, ndivyo ilivyo kwao tangu mababu. Alilisikia neno hilo likimfika kooni. Akalimeza.

"Mama," Alexander alisema, "nina njaa."

Akambeba, akatoka. Nyuma yake dada yake alikuwa akiliita jina la Rose, na Rose hakuitika. Kokulinda hakugeuka.

Kwenye meli mtoto aliongea bila kupumzika, mdomo umejaa andazi: habari za ndege weupe, za injini, za vifaranga. Kokulinda alimwacha aongee. Alitaka kulia lakini alikuwa amechoka mno.

Katikati ya neno, Alexander alinyamaza. Akageuza shingo, akakisikiliza kiti kitupu cha jirani, kilichokuwa kimebonyea katikati, kwa utulivu, kama anayeulizwa swali na mtu mzima. Kisha akajibu kwa adabu:

"Anaitwa Kokulinda."