Unashuka Wapi?

Haya yalimpata Fundi Leonadi, aliyekuwa jirani wa bibi yangu Ziada pale Kilwa Kivinje, miaka michache baada ya Vita vya Hitla. Bibi hakuwa mtu wa hadithi za majini. Akiambiwa fulani karogwa, huuliza kwanza kama alikunywa maji yaliyochemshwa. Lakini hii ya Leonadi aliisimulia kwa sauti ya chini, na hakuipamba hata kidogo, maana mwisho wake aliuona kwa macho yake.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Leonadi aliamka na uchovu wa jana, akanywa chai ya rangi na muhogo wa kiporo, akaenda kwenye banda lake la ufundi nyuma ya soko. Alimkuta Mzee Mfaume ameshafika na lori lake, amekaa kwenye tairi bovu, anachora chora chini kwa kijiti.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, fundi. Bado linagonga."

Lori lilikuwa la jeshi, likauzwa mnadani vita vilipokwisha, na Mfaume akalinunua likiwa limeshazeeka. Alibebea magunia ya karanga na mtama kati ya Lindi na Kivinje, na juu ya magunia akipandisha watu, kama walivyofanya wenye malori wote. Tangu masika ya mwaka uliopita lilikuwa na mlio wa kugonga. Mafundi wa Lindi walilifungua wakalifunga, wakapokea chao, na mlio ukabaki palepale.

Leonadi naye alikuwa na lake lililomfanya alihangaikie gari hilo kuliko mengine. Mkewe Rosalia alikuwa katika siku za mwisho za mimba. Walikwisha kuzika watoto wawili, wote wamezaliwa nyumbani, na wote hawakumaliza arobaini. Safari hii bwana dawa wa pale mjini alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, mama akazalie Lindi kwa daktari mkubwa. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika. Mto Mbwemkuru ukishajaa, hakuna gari linalovuka mpaka mvua ziishe. Lori la Mfaume ndilo pekee lililokuwa likiondoka, alfajiri ya kesho yake, na mapatano yalikuwa hayo: fundi aliponye, Rosalia akae mbele na dereva.

"Lisipopona siondoki," alisema Mfaume. "Siwezi kukwama porini na mke wa mtu, hali yenyewe ile."

Basi Leonadi akaanza kuuliza, maana gari halisemi, lazima umuulize mwenyewe.

"Linagonga likiwa baridi au likishapata moto?"

"Vyovyote."

"Ukipanda mlima? Ukiwa na mzigo?"

"Hata likiwa tupu."

"Na ukisimama?"

Mfaume aliangalia upande wa soko. "Nikisimama linanyamaza."

"Mzee wangu, kama kuna jambo, niambie. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hakuna jambo, mwanangu. Tengeneza gari."

Leonadi akapiga hendeli, injini ikawaka. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, kama walivyomfundisha jeshini, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akaurudisha, akachomoa wa pili, akaurudisha. Kama pistoni ingekuwa imelegea, mlio ungebadilika. Haukubadilika, kwa sababu haukuwepo. Injini ilikuwa ikinguruma kizee, kwa kukohoa kidogo, lakini haikugonga. Hakuridhika. Akalala chini ya gari, akamwaga oili, akafungua sampu, lile bakuli la oili, akazishika konrodi, mikono ya pistoni, na kuzitikisa. Biringi zilikuwa nzima. Akafunga kila kitu upya, jasho likimwingia machoni, mgongo ukimlilia. Usiku uliotangulia hakulala, alikuwa akimkanda Rosalia kiuno. Ilifika mahali akawa anaona nati mbili palipo na moja.

"Injini yako nzima," alisema, jua likiwa limeshapinda. "Tulitembeze. Nataka kulisikia likienda."

Walishika njia ya Nangurukuru. Mfaume kwenye usukani, Leonadi amesimama nje, kwenye ubao wa kukanyagia, mkono mmoja umeshika dirisha, sikio ameliinamisha kwenye boneti. Nyuma hakukuwa na kitu, si gunia wala mtu. Walikwenda mpaka minazi ikaisha. Kimya. Leonadi akaanza kucheka moyoni, akamwambia Mfaume ageuze.

Walipokuwa wanarudi, likagonga.

Mara tatu. Pakanyamaza. Mara tatu tena.

Leonadi aliinamisha kichwa zaidi. Mlio haukutoka kwenye boneti. Akasogeza sikio kwenye mlango. Haukutoka chini pia. Ulikuwa juu, nyuma ya kichwa cha Mfaume. Ulikuwa kwenye paa la kibanda cha dereva.

Siku zile kila mtu aliujua mlio ule. Abiria amekaa juu ya mzigo, dereva hamwoni wala hamsikii. Akitaka kushuka, hugonga paa kwa kiganja. Hapo utingo, aliyening'inia ubavuni, humpigia kelele kumwuliza anashuka wapi, kisha humwambia dereva. Leonadi, kabla ya jeshi na kabla ya ufundi, alikuwa utingo. Alilifanya jambo lile mpaka likaingia kwenye damu. Na mtu aliyechoka hafikiri. Mdomo humtangulia.

"Unashuka wapi?" akapiga kelele.

Kugonga kukakoma.

Jua lilikuwa bado linawaka. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni, akawapungia mkono. Ndipo sauti ikaja, ya kike, ya chini, karibu kabisa na sikio la Leonadi. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa safarini siku nyingi mno.

"Hapo mbele, baba. Kwako."

Nyumba ya Leonadi ilikuwa ya kwanza ukiingia mjini. Mfaume alifika hapo, akakanyaga breki, lori likasimama mbele ya ua. Kisha springi za nyuma zikalia, na bodi ikainuka kidogo, kama inavyoinuka gunia likishushwa.

"Umemwuliza," Mfaume alinong'ona. "Mbona umemwuliza?"

"Nani huyo, mzee?"

"Nimesimama mara nyingi. Kila akigonga nasimama. Hashuki. Hakuna aliyewahi kumwuliza anashuka wapi."

"Nani?"

Mfaume alilaza paji la uso kwenye usukani. Maneno yakamtoka kwa vipande. Masika yaliyopita alipakia mwanamke Lindi, katokea Nyangamara, huko bara, kwa miguu, ana mtoto mchanga mgongoni. Akamweka juu na wenzake. Mvua ikawakuta bonde la Mbwemkuru. Mwanamke akaanza kugonga. Mtoto amezidiwa, walisema wenzake. Akagonga na kugonga. "Ningesimama pale tungezama, fundi. Watu wote wale. Nikasema tuvuke kwanza, tukifika pakavu nitasimama." Walipofika pakavu akasimama. Mwanamke hakuwepo juu, wala mtoto. Hakuna abiria aliyemwona akishuka.

"Na mimi umenificha," alisema Leonadi.

"Ningekuambia, ungelishika gari langu?"

Leonadi alikuwa anauangalia ua wake. Rosalia alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anatabasamu.

Alishuka, akavuka njia.

"Rosalia. Kuna mtu ameingia?"

"Si mgeni uliyemleta?" Rosalia alishusha sauti. "Nimempa maji, kamaliza kata nzima. Maskini, kachoka yule mama! Nimemtandikia mkeka chumba cha ndani, ajinyooshe."

Leonadi akaingia. Chumba cha ndani hakikuwa na mlango mwingine, na dirisha lake lilikuwa limefungwa kwa komeo. Mkeka umetandikwa. Juu ya mkeka hapakuwa na mtu. Katikati yake pamebonyea, kama palipolala mtu kwa ubavu, amejikunja. Kata ilikuwa chini, tupu.

Hakumwambia mkewe. Alimwambia mgeni amekwenda zake, akamtoa nje, akampeleka akalale kwa Bi Ziada. Alfajiri wakaondoka. Lori lilikwenda kimya njia nzima. Mfaume aliliendesha akilia, na Leonadi alikaa nyuma, juu ya magunia, peke yake, akishukuru Mungu kwa kila daraja lililopita bila kitu. Moyoni alijua kwa nini lori lilikuwa jepesi. Mgeni alikuwa amebaki nyumbani kwake.

Daktari wa Lindi alimpasua Rosalia, akatoa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Wakamwita Valeria. Leonadi alilia mbele za watu bila haya. Lakini furaha ile haikuota mizizi. Rosalia alishikwa na homa kali, na homa ilipomwachia maziwa yakawa yamekauka. Wauguzi walijaribu maziwa ya kopo, mtoto akayatapika. Wakajaribu uji mwepesi, akautapika. Masika yakawafungia hukohuko, mtoto akipungua mbele ya macho yao. Mvua ilipopumzika siku chache mto ukashuka, wakarudi Kivinje wakiwa na kitu kidogo ndani ya shuka, chepesi kuliko kifurushi cha chumvi. Hakuwa na nguvu tena hata ya kulia. Arobaini ilikuwa bado.

Leonadi hakutaka kuingia nyumba ile. Lakini maskini anayo nyumba ngapi? Waliingia. Wakalala kwa sababu miili ilikataa kukesha.

Asubuhi, mtoto alikuwa kimya. Leonadi alibaki amelala chali muda mrefu, hana moyo wa kugeuka. Wawili wa kwanza aliwakuta hivyohivyo. Mwishowe akageuka. Mtoto alikuwa anamwangalia. Tumbo lilikuwa limejaa, shavu lina rangi, kidevu kimelowa. Leonadi akainama, akanusa. Maziwa.

Alimtazama Rosalia. Rosalia naye alikuwa macho. Alifungua kifua chake, akakiminya, hakikutoka kitu. Kisha akajifunika, akamchukua mtoto, akaanza kumwimbia taratibu.

Siku zikaenda. Mtoto akanenepa mikunjo ya mapaja. Arobaini ikafika, ikapita. Watu wakaja kutoa pongezi, na Rosalia akawa anawajibu kwa upole kwamba mtoto hana shida, anakula vizuri.

Bibi yangu ndiye aliyeambiwa ukweli, na ndiye aliyekasirika. Alimfuata Leonadi bandani.

"Mtoe yule kiumbe, Leonadi. Kuna mwalimu Kisiwani anayejua kusoma dua. Atamtoa kwa adabu tu, bila ugomvi. Mwenye kulea humwita mtoto wake, na yule ipo siku atamwita amfuate."

"Najua, mama," Leonadi alisema. Macho yalikuwa yameingia ndani, ndevu zimeota mvi mwaka uleule. "Nami naogopa. Njoo umwambie Rosalia."

Wakaenda wote wawili, mchana kweupe, saa ambayo kuku wamelala kivulini. Rosalia alikuwa amekaa ukumbini, mtoto kasinzia chumba cha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuinua sauti.

"Bi Ziada, mimi nimezika wawili. Mkimtoa yeye, nani atamnyonyesha huyu? Wewe?"

Leonadi alikuwa ameegemea nguzo, macho yake chini, na Bibi alimwona mabega yakimshuka, kama mtu aliyeambiwa mzigo ule ataubeba mpaka kaburini.

Ndani mtoto akatoa sauti kidogo, kisha akacheua. Bibi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, aliingia kumchukua. Alimwinua, akamlaza begani. Ndipo alipoona kisogo chake.

Kivinje yote ni mchanga, na penye matope ni meusi, ya mikoko. Huu uliokuwa kisogoni ulikuwa udongo mwekundu wa bara. Alama ya kiganja kizima, na vidole vyembamba vimeachana, mahali ambapo mama hushika kichwa cha mtoto anapomnyonyesha.

Bibi aliugusa kwa kidole. Ulikuwa bado mbichi.