Rangi Isiyokauka

Siku ya kwanza lilikuwa doa tu. Mtaalamu aliigusa ile picha ya mlima pembeni, kidole kikarudi na rangi ya kijani. Picha ya mafuta yenye zaidi ya miaka thelathini, na rangi bado mbichi! Akajifuta kwenye suruali, akajiambia ni joto. Msomi akishaamua kutoona, hata tembo atamwita kichuguu.

Mtaalamu ndilo jina walilompa kazini, kwenye jumba la picha, kwa sababu ya jicho lake. Ukimletea picha isiyo na sahihi ataigeuza, ataisogelea kwa lenzi, ataangalia brashi ilivyopita, na baada ya wiki mbili atakwambia nani aliichora. Hii ya mlima ilitolewa na familia ya daktari mmoja aliyefariki. Mkurugenzi alimruhusu akae nayo nyumbani, kwenye chumba cha nyuma, aandike ripoti kabla ya maonyesho. Mji mzima ulitaka kumjua mchoraji wa ule mto mwembamba na ule mlima wenye kivuli cha zambarau.

Yeye alimjua tangu dakika ya kwanza. Alipoigeuza tu aliona haikuchorwa kwenye kitambaa cha dukani. Ilichorwa kwenye gunia la unga lililofuliwa likakazwa kwa misumari ya viatu. Mtu mmoja tu alikuwa akifanya hivyo, dada yake, aliyemlea baada ya wazazi kufa, akifua nguo za watu asubuhi na kuchora mchana. Alipolazwa na kifua, mdogo wake alichukua picha zake kumi na mbili, akatia sahihi yake mwenyewe, akazipeleka chuo cha sanaa. Kwa picha hizo alipata nafasi, cheti, kazi, mke na heshima. Dada alijua. Hakugombana naye, alimwomba tu kwamba moja ibaki na jina lake, naye akamwahidi. Hiyo moja dada alimpa daktari aliyemtibu, kabla hajaitia sahihi, kisha akafa.

Sasa zile kumi na mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye ukumbi mkuu. Ukiiweka hii kando yake, hata mtoto wa chekechea ataona ni mkono mmoja. Basi ripoti ikawa haiandikiki.

Mke wake ndiye aliyeanza kunusa tapentaini, yale mafuta ya kuyeyushia rangi. Ilikuwa jikoni, kwenye maji ya kunywa, kwenye mashuka yaliyotoka kuanikwa. Kisha ikaja sauti. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na majirani wamejifungia ndani, brashi ilisikika ikikwaruza kwenye chumba cha nyuma, polepole, na katikati ya mkwaruzo mtu akikohoa kikohozi kikavu. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo alikuwa nao Mtaalamu mfukoni.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na tisa, fundi cherehani, msichana wa maneno mengi na vicheko. Mchana mmoja cherehani ilinyamaza ghafla. Mama yake alimkuta amekaa wima, macho wazi, mkono ukichora hewani, na ncha za vidole zina rangi ya kijani. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa muda mrefu zaidi, na keshokutwa tena, mpaka ikafika wiki ya tatu binti hali, hasemi, amekonda mashavu yameingia ndani, na kila jua likipanda mama mtu anahesabu dakika akiwa ameishika ile mikono baridi, huku kikohozi kilichokuwa kikitoka nyuma ya mlango uliofungwa sasa kikitoka kifuani mwa mwanawe, na baba mtu amesimama kizingitini anajua kila kitu na kinywa chake kimejaa mate tu.

Mganga waliyemwita alikuwa mama mfupi mwenye miwani, aliyekuja na kikapu kama anayepitia sokoni. Aliiangalia picha, akaomba mlango wa chumba uachwe wazi, akafukiza, akakaa mbele ya binti. Alieleza kwamba kiumbe wa namna hii hatolewi kwa nguvu. Huulizwa jina, akishatajwa huenda zake. Kisha akauliza.

Binti akageuza shingo. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Muulize Mtaalamu. Si ndiyo kazi yake?"

Mganga akamtazama baba mtu juu ya miwani. "Mficha uchi hazai, bwana. Kama unalo jina, lilete. Huyu mtoto hamalizi wiki."

Mtaalamu akasema. Alisema kwa kunong'ona, akiangalia sakafu, jina la dada yake na habari ya zile picha kumi na mbili, na mke wake akamwachia mkono katikati ya maneno. Harufu ikakatika. Binti akapiga chafya, akaomba uji, akauliza mbona wote wamenuna.

Mganga alipokuwa akifunga kikapu chake alisema, "Ulichokisema hapa kakiseme kule ulikokificha. Leo nimemwomba, amekubali. Mara ya pili haombwi."

Asubuhi Mtaalamu akairudisha picha kazini, na kwenye ripoti akaandika jina la dada yake. Kwa hilo nampa haki yake. Mkurugenzi akasoma, akauliza huyu ni nani, kwani hakuwahi kumsikia. Alipoambiwa ni dada yake, akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye haraka. Akamweleza kwamba utaratibu haumruhusu mtaalamu kuipa picha jina la ndugu yake, watu watasema anaitangaza familia, labda awe na ushahidi.

Ushahidi ulikuwa kumi na mbili, ukutani, hatua ishirini kutoka pale walipokaa. Alikuwa hajautaja. Mkurugenzi akalifuta jina kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "Hajulikani", akamsogezea kalamu. Na Mtaalamu, niseme ukweli, hakuona uchungu. Aliona nafuu, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Akatia sahihi.

Alirudi nyumbani jua likiwa utosini. Tapentaini aliinusa tangu getini. Mke wake alikuwa kwenye korido, kiganja mdomoni, hakumtazama. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, na kwenye kiti chake alikuwa amekaa binti yake, ametulia, amepaka nywele mafuta, hakohoi.

"Mdogo wangu," akasema, "umerudi."

Mtaalamu akataka kumwita mwanawe, lakini ulimi ulikuwa umeshaitika wenyewe, kwa mazoea ya utotoni: "Naam, dada."

Wakatazamana.

"Dada, binti yangu yuko wapi?"

Akamjibu kwa upole, bila hasira hata kidogo.

"Hajulikani."