Ua Lililonuka Maziwa

Jana aliliacha mezani likiwa limefumba. Leo ua lilikuwa limechanua, palepale kwenye karatasi.

Mchoraji alijilaumu mwenyewe. Miaka yote ya kuichorea bustani ya mimea alishika mwiko mmoja wa kazi: usichore mmea usiokuwepo mbele yako. Lakini tangu amzike binti yake wa miezi miwili, maneno yalimkauka na machozi yakamgomea. Kilichobaki kilikuwa penseli. Basi akachora ua lisilokuwepo duniani, petali zimekunjana kama ngumi ya kichanga, na moyo ukapoa kidogo. Nafuu hiyo ndiyo iliyomponza.

Ua likaanza kunuka maziwa.

"Umelimwagia chai, mke wangu?" mumewe alimtania, akitafuta walau tabasamu.

"Mama," ikaita karatasi.

Mume akatoka mbio kumtafuta mganga. Mchoraji alibaki kitini, jua la mchana likiwaka dirishani, akautazama mzizi ukichomoza ukingoni mwa karatasi, ukiteremka mguu wa meza, ukitambaa sakafuni bila haraka hadi ukamzunguka kifundo cha mguu, wenye uvuguvugu, ukimvuta na kumwachia, ukimvuta na kumwachia, vilevile alivyonyonya marehemu, na kila ukivuta sauti ikarudia, mama, mama, hadi blauzi yake ikalowa kifuani.

Mganga, bibi wa makamo, alisimama mlangoni, pua kaiziba kwa mtandio.

"Mwanangu, mtoto wako aliwahi kusema?" alinong'ona.

"Miezi miwili, bibi. Angesemaje?"

"Basi huyu siye. Ni jini, kaukuta uchungu wako hauna mwenyewe. Umemwitikia?"

"Bado."

"Usimwitikie, maana ukiitika hatoki tena. Ichome karatasi kwa mkono wako."

Mumewe akampa kiberiti. "Nakuomba. Nimeshazika mmoja."

Akawasha. Moto ulipokaribia, sauti ikashuka, ikawa ya mtoto aliyeogopa. "Mama?"

Mchoraji akaupuliza moto ukazimika. Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, yale yote yaliyomgomea.

"Najua siye," alimwambia mumewe. "Lakini yeye aliondoka bila kuniita hata mara moja."

Mume akamshika bega. Hakugeuka. Aliinama juu ya karatasi, taratibu, akihofia kuiamsha.

"Abee, mwanangu," akaitika.