Nakala ya Shilingi Kumi

Kila asubuhi Waruguru alichota maji bombani, akawasha jiko la makaa, akampikia uji binti yake Nduta. Yeye na mumewe Ngigi, fundi seremala, waligawiwa ploti, kiwanja kidogo cha kujenga, huku mtaani Dandora, wakajenga chumba kimoja. Barua ya ploti, iliyoonyesha kuwa ni yao, waliiweka chini ya godoro. Masika ya mwaka 1981 paa lilivuja, barua ikalowa na kuchanika vipande vipande.

Jumanne moja mtu aliyeitwa Mativo alipiga hodi. Alishika karatasi.

"Mama, ploti hii nimeuziwa. Ijumaa naleta mafundi wabomoe. Kama nyinyi mna barua, nionyesheni."

Hawakuwa nayo.

Kesho yake mke na mume walikwenda kwenye ofisi ya ploti kuomba nakala. Karani mmoja aliwavuta kando.

"Mia tatu," alinong'ona. "Faili halijitafuti lenyewe."

Walirudi nyumbani. Ngigi akaanza kutia randa na misumeno yake kwenye gunia.

"Unavipeleka wapi, Baba Nduta?"

"Kuviuza. Unataka tulale nje?"

"Na ukishaviuza tutakula nini? Ningoje kwanza."

Waruguru alimwendea jirani yake Phelister, ambaye alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja mjini. Phelister alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nduta, nakala ina ada, ni kweli. Lakini ada ya serikali haifichwi. Inabandikwa ukutani, inalipwa kwa keshia, na unapewa risiti. Ukidaiwa pesa pembeni, bila risiti, hiyo ni hongo. Nenda na namba ya ploti na jina la mwenyewe. Na usiondoke bila muhuri."

Alhamisi Waruguru alikwenda peke yake. Alikuwa amesoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, miezi saba tu. Alisimama mbele ya tangazo, akayafuata maneno kwa kidole, polepole: nakala ya barua, shilingi kumi.

Karani yule alimkaribia. "Umeleta?"

"Nalipa kwa keshia."

"Basi faili utalingoja mwezi mzima!"

Hata hivyo Waruguru alilipa, akachukua risiti, akabisha mlango wa mkubwa wa ofisi.

"Bwana mkubwa, nimelipa. Risiti ni hii. Kesho nyumba yangu inabomolewa."

Mkubwa aliisoma risiti, kisha akamwita karani. "Leta faili la mama huyu. Sasa hivi!"

Saa kumi kasoro robo nakala ilipigwa muhuri.

Ijumaa Mativo alifika na vibarua wanne, masururu mabegani. Ngigi alisimama mlangoni, ngumi amezikunja. Waruguru alimpita, akaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina la mumewe.

Mativo aliipokea, akautazama muhuri. Kisha akaketi chini, pale pale vumbini.

"Nilimpa dalali elfu tatu," alisema. "Sikuuliza habari ya faili hata siku moja."

Hasira ya Ngigi ikaisha. Akaingia ndani, akamletea kikombe cha chai.

"Ndugu yangu," Waruguru alimwambia, "ipeleke polisi karatasi uliyopewa na dalali. Na siku nyingine, kabla hujanunua, omba nakala kwanza."

Jumatatu iliyofuata Waruguru aliwaongoza majirani watano hadi dirisha la keshia. Kila mmoja alikuwa na noti yake ya shilingi kumi. Na kila mmoja alitoka na risiti.