Koma Zilizomficha Mzee Kambere

Kila asubuhi Orpa alimenya viazi vya kuuza, macho yake barabarani. Tangu vita viwafukuze Kamango, hakuwa amemwona baba yake, mzee Kambere. Walipotezana karibu na Beni. Orpa akafika Butembo peke yake, na roho haikumtulia.

Jumamosi moja alipeleka tangazo parokiani:

"Mzee Kambere, aliyekatika kidole gumba, anatafutwa na binti yake, Orpa, nyuma ya soko."

Sikuli, msomaji wa matangazo, alikuwa mtu wa haraka. Waliopotea walikuwa wengi, na misa ilikuwa ndefu. Maneno yaliyo kati ya koma mbili aliyaruka bila hata kukohoa. Akasoma: "Mzee Kambere anatafutwa na binti yake nyuma ya soko."

Butembo mtaa gani hauna Kambere? Baada ya misa wazee walijaa mlangoni kwa Orpa, kila mmoja Kambere, na baba yake hayumo. Orpa aliwapa viazi vya kuchemsha, kisha akaingia ndani kulia.

Jirani yake Antoinette, mwalimu kutoka Kasai, akamfuata.

"Mama Orpa, usilie. Leta ile kopi ya tangazo. Sikuli aliruka, lakini ni wewe ulimufungulia njia. Hizi virgule mbili, hizi koma, zinasema: maneno ya katikati ni ya kuongeza tu."

"Kidole ni ya kuongeza? Ile njo itamutambulisha!"

"Donc usiizungushie virgule. Funika maneno na mukono, soma yenye kubakia. Kama mutu angali anajulikana, tia virgule mbili, mbele na nyuma. Kama hajulikane tena, zitoe."

Orpa akaandika upya, polepole:

"Mzee Kambere aliyekatika kidole gumba, mkulima wa kahawa, anatafutwa na binti yake Orpa nyuma ya soko."

Alifunika "mkulima wa kahawa". Baba yake alijulikana vilevile. Akaziacha koma zake.

Jumapili iliyofuata Sikuli aliiruka kahawa, kama kawaida yake. Kidole alikisoma, na jina la Orpa pia. Nyuma kabisa kanisani ukainuka mkono wa vidole vinne.

Orpa alimkumbatia baba yake, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Papa, dimanche iliyopita ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilisikia, lakini ba-Kambere ni bengi. Nikasema mu roho: ule muzee ana bahati, ana mutoto wa kumutafuta."