Mkanda Ukifika Namba Tisa

"Shangazi ameghairi chakula. Anakula peke yake."

Simu ikakatika.

Lorraine Stachura hakugeuka. Aliendelea kutazama barabara, mikono yote miwili kwenye usukani, lakini mate yalikuwa yamemkauka mdomoni.

Aliyepiga alikuwa bosi wake, Escamilla, na sauti yake ilitoka kwenye spika ya gari, kila mtu akasikia. Kwa mtu mwingine zile zilikuwa habari za nyumbani tu. Kwa Lorraine, jasusi wa serikali kwa miaka kumi na tisa, maana yake ilikuwa moja.

Aliyekaa kando yako si mwenzetu.

Kando yake alikaa Curtis Vandermolen. Au mtu aliyejiita hivyo. Asubuhi ile, kwenye maegesho ya hoteli, alikuwa ametoa neno la siri bila kukosea, kitambulisho kikiwa na picha yake. Kijana mtanashati, koti la sufu zito hadi magotini, viatu visivyojua theluji. Hilo la viatu Lorraine aliliona akalipuuza, na sasa alijilaani kimoyomoyo.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Mzee Odell Pettway, fundi wa mikanda ya magari, mtu wa Detroit tangu kuzaliwa, miaka sabini na moja, kofia magotini. Saa tano alitakiwa mahakamani. Angewataja watu fulani mmoja mmoja, kwa majina na sura.

Sasa ilikuwa saa nne na robo.

"Shangazi yako ana tabia mbaya, dada," Vandermolen akasema taratibu. "Anaghairi ghairi tu."

"Wazee ndivyo walivyo."

"Ndiyo. Na wewe umeacha kumeza mate."

Mkono wake wa kushoto ukatoa simu. Wa kulia ulikuwa ndani ya koti, chini ya mkanda, na Lorraine hakuhitaji kuambiwa umeshika nini. Mdomo wa bastola ulisukuma sufu kidogo, ukielekea ubavuni kwake.

Kidole gumba kikagusa simu.

Mkanda wa Lorraine ukakaza.

Mzee Pettway akashtuka. "Weka chini hiyo! Weka chini! Hicho si kitu cha kuchezea!"

"Namba tano, mzee. Nimekosea?"

Hakukosea. Mkanda ule aliutengeneza Mzee Pettway mwenyewe, kwenye gereji yake, kwa ajili ya mkewe. Vernell alikuwa amepasuliwa kifua, na kila alipoendesha gari mkanda ulimsugua kovu mpaka akalia. Mzee akaweka mota ndogo kwenye mkanda wa dereva, inayolegeza na kukaza kwa simu, namba moja mpaka tisa. Vernell aliendesha kwa namba mbili, akiimba. Mzee hakuwahi kutengeneza kitu kikampa furaha kama kile.

Kisha wakaja wageni na suti zao. Mota iliwekwa isimame yenyewe ikifika namba sita. Wao walitaka isisimame. Walitaka mkanda unaoweza kumuua aliyeuvaa, waziri, jaji, yeyote yule, na daktari aseme ni ajali. Mzee akawafukuza. Wakarudi wakamwibia programu, wakaijaribu kwenye gari hili hili la Vernell, ambalo sasa lilikuwa likipelekwa mahakamani kama ushahidi. Kuhamishia kwenye magari mengine wakashindwa. Kwa hilo walimhitaji yeye.

"Toka barabara kuu," Vandermolen akasema. "Shika barabara ya Woodward, halafu mashariki. Kuna kiwanja kidogo cha ndege. Mzee anasafiri."

"Na mimi?"

"Wewe utapata ajali. Pole sana."

Lorraine akaogopa. Si ile hofu ya kazini, inayomfanya mtu awe mwepesi. Hii ilimfanya mzito. Bastola yake, Glock, ilikuwa kwapani, chini ya mkanda, na mkanda ulikuwa umeibana kwenye mbavu. Akijaribu kuigusa, kidole gumba kitagusa simu. Akigusa kitufe chekundu cha kufungulia mkanda, risasi.

Akatoka barabara kuu.

"Vizuri," Vandermolen akasema. "Mzee, ukinyanyuka hapo nyuma, dada yetu anakwenda tisa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu. Tafadhali. Mshushe kidogo, hapumui vizuri."

"Nani kakuambia nataka apumue vizuri?"

Sita.

Lorraine aliguna. Pumzi iliingia nusu, ikatoka nusu. Mbele yake watu walikuwa wakivuka barabara na vikombe vyao vya kahawa, mwanamke akimvuta mbwa, na hakuna hata mmoja aliyetazama ndani ya gari. Alitaka kupiga kelele. Alimfikiria binti yake, Halina, aliyekuwa shuleni wakati ule akifanya mtihani wa kemia. Nitakufa asubuhi ya mtihani wa mtoto, akawaza, na wazo hilo likamtia uchungu kuliko bastola.

Baridi ya Januari ilikuwa imepasua lami. Gurudumu likaingia shimoni, gari zima likaruka.

"Ala! Endesha vizuri!"

"Hii ni Michigan," Lorraine akasema kwa shida. "Barabara ndiyo hii."

Vandermolen alijinyonganyonga kitini. Koti lilikuwa nene, na mkanda wake, wa kawaida usio na mota, ulimpanda shingoni. Akausukuma kwa kiwiko. Ukarudi. Akausukuma tena.

"Balaa gani hili," akanung'unika. "Unakata shingo."

Kisha Mzee Pettway akakohoa.

"Umejikunja huko ndani, mwanangu. Koti hilo nene." Sauti yake ilikuwa ya fundi, ya upole, kama anaongea na mteja. "Uvute wote utoke. Mpaka mwisho kabisa. Halafu uachie urudi wenyewe. Utakaa vizuri."

Moyo wa Lorraine ukapiga pa!

Mzazi yeyote wa Michigan angejua. Yeye mwenyewe alifanya hivyo mara mia, goti likiwa juu ya kiti cha mtoto, jasho likimtoka, Halina akilia. Mkanda wa abiria ukivutwa mpaka mwisho, meno fulani yanashika ndani. Tangu hapo unarudi tu, hautoki tena, ili kiti cha mtoto kisicheze. Wa dereva hauna meno hayo. Na huko alikotoka huyu kijana, yaonekana, hata wa abiria hauna.

Usimtazame, akajiambia. Tazama barabara. Usimtazame.

"Unanichezea, mzee?"

"Nikuchezee na bastola hiyo? Nimetengeneza mikanda miaka arobaini na minne. Siwezi kumwona mtu anakatwa shingo nikanyamaza. Ni ugonjwa wangu."

Vandermolen akasita. Akaiweka simu pajani. Kwa mkono wa kushoto akauvuta mkanda, ukatoka, ukatoka, ukafika mwisho. Akauachia.

Krr-krr-krr-krr.

"Nini hiyo?"

"Baridi," mzee akajibu haraka. "Chuma kikipoa kinapiga kelele. Si umeona sasa? Uko sawa?"

Vandermolen akaishika tena simu yake. Akageuza shingo huku na huku. "Afadhali," akasema.

Lorraine akaliona shimo lililofuata. Kubwa, limejaa maji machafu. Jana angelikwepa.

Akaliingia.

Gari likaruka. Krr.

"Wewe mwanamke!"

Jingine. Krr-krr.

Akavuka mstari akalifuata la tatu, pana kama karai. Vichwa vyao vikagonga paa. Krr-krr-krr. Na kila Vandermolen alipopanda na kushuka, mkanda ulikula inchi moja ya koti lake na kukataa kuirudisha.

Alijaribu kuinua mkono wenye bastola. Haukuinuka. Ulikuwa umebanwa tumboni pamoja na sufu yote ile. Akauvuta. Ukakaza zaidi.

Hapo ndipo alipoelewa.

"Mzee mshenzi!"

Kidole gumba kikashuka.

Saba.

Lorraine akasikia kitu kikilia ndani ya kifua chake, na akajua ni ubavu.

Nane.

Pumzi ikakoma. Hakuna iliyoingia, hakuna iliyotoka. Woodward ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Hofu ikamjaa mpaka machoni, ya kitoto kabisa, na akaomba Mungu kwa Kipolandi cha bibi yake, maneno ambayo hakuyatamka tangu ubatizo wa Halina.

Lakini Vandermolen alitaka kutoka. Mkono huru ulikuwa mmoja tu. Akaiachia simu akapapasa kitufe chekundu, kilichokuwa kimezama chini ya koti.

Mzee Pettway akaruka kutoka nyuma kuinyakua simu, kama si wa miaka sabini na moja.

Lorraine hakuona tena barabara. Alikumbuka tu kwamba upande wa kulia kulikuwa na lundo la theluji iliyosukumwa na matingatinga. Akapinda usukani. Akakanyaga breki kwa nguvu zote zilizobaki.

Gari likazama kwenye theluji.

Mlio mmoja. Risasi ikaingia sakafuni. Mkanda wa Vandermolen ukashika jino la mwisho, naye akatoa sauti nyembamba ya mtu aliyevunjika mkono.

"Moja!" Mzee alikuwa akilia kwa sauti, simu ikimcheza mikononi. "Weka moja, weka moja, Mungu wangu, iko wapi moja?"

Akaipata.

Hewa ikaingia. Ilimuuma kuliko chochote, na Lorraine akaivuta tena na tena. Kisha akaitoa Glock na kumwekea Vandermolen shavuni.

"Usitikisike."

"Siwezi kutikisika," kijana akasema, machozi yakimtoka. "Fungua. Nakuomba, dada. Fungua."

Lorraine akaichukua bastola ya kijana kwa vidole viwili kutoka chini ya sufu. Akapiga simu.

"Shangazi."

"Nakusikia," Escamilla akajibu.

"Mgeni yupo. Amefungwa vizuri. Mzee salama. Woodward, kando ya kanisa la matofali."

"Dakika nne."

Walikuja kwa dakika tatu, magari mawili meusi. Wakamtoa Vandermolen kwa kuukata mkanda kwa kisu. Mzee Pettway akamshika Lorraine mikono yote miwili.

"Binti yangu, nisamehe. Ni mimi niliyeutengeneza mkanda ule."

"Ulitengeneza namba mbili, Mzee Pettway. Nenda ukaseme nani alitaka tisa."

Akaingizwa kwenye gari la kwanza, likaondoka. Ilikuwa saa tano kasoro ishirini. Angefika.

Kijana wa ofisini akamfungulia Lorraine mlango wa gari la pili. Kiti cha ngozi, joto, mkanda ukining'inia pembeni, kitu cha kawaida kabisa.

"Twende, mama. Daktari anakusubiri."

Lorraine aliutazama mkanda. Akarudi hatua moja nyuma.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema.

Akainua kola ya koti, akatia mikono mifukoni, akaondoka taratibu juu ya theluji bila kutazama nyuma. Vijana wakamsindikiza kwa macho.

"Umemwona?" mmoja akanong'ona. "Ubavu umevunjika na anatembea hivyo. Yule mama haogopi kitu."

Kwenye kona, walipokuwa hawamwoni tena, Lorraine alishika nguzo akatapika. Kisha akajifuta mdomo na kusubiri basi la Woodward, kwa sababu kwenye basi hakuna mikanda.