Simu Iliyovutwa kwa Upembo

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, Inspekta Teopista Nakibuule alishuka kwenye pikipiki ya polisi kijijini Kyamulonge, nje kidogo ya mji wa Masaka, akakuta watu wawili wanatoka damu. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili ndiyo kwanza anauawa.

Huyo wa pili ni Lubyayi, kibarua wa kuchuma kahawa. Kundi la watu lilikuwa limemlaza matopeni mbele ya nyumba, linampiga kwa mawe na mipini ya majembe. Jicho moja lilikuwa limefumba, meno mawili yako chini, na mtu mmoja alikuwa anakuja akiviringisha tairi kuukuu. Teopista hakubembeleza mtu. Alifyatua risasi moja hewani.

"Atakayemgusa tena, ya pili ni yake!"

"Nnyabo, bibi inspekta, huyu kamuua mama yetu!" alipaza sauti Ssempala, kijana wa kibanda cha pesa za simu, shati jeupe, viatu vyake vimejaa tope kama vya kila mtu siku hiyo ya mvua. "Upembo wake huo hapo, una damu mpaka kwenye kulabu!"

Teopista alimfunga Lubyayi pingu, si kwa sababu aliamini, bali kundi likiona pingu hupoa. Akamwacha chini ya ulinzi wa Konstebo Byamukama, aliyemleta kwa pikipiki, akaenda mlangoni.

Mama Leokadia, mjane wa miaka sitini na minane, alikuwa amelala juu ya mkeka sebuleni. Fuvu lilikuwa limepasuka juu ya sikio na taya limehama mahali pake. Alikuwa amepigwa mara nne au tano kwa ule upembo, mti mrefu wenye kulabu ya chuma wa kuinamishia matawi ya mibuni, na mapigo mengine yalikuwa yamechana udongo wa ukuta. Nyayo za viatu zenye matope zilikuwa zimeingia hatua moja tu ndani, zikakoma.

Mshipi wa gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, ambamo alikuwa akificha simu, ulikuwa umeraruliwa kwa kulabu. Kutoka kiunoni pake mpaka mlangoni damu ilikuwa na mfereji mwembamba, kitu kilikuwa kimeburutwa. Simu haikuwepo. Redio na mkoba vilikuwa palepale mezani. Na juu ya mapaja yake, pale gomesi ilipopanda, kulikuwa na jani bichi la mgomba, limekaa upande, limerushwa kwa mbali.

Mwizi gani huyu? Anapasua kichwa cha mama wa watu, halafu anaona haya ya mapaja yake?

Teopista alitamani kukaa chini alie. Mama huyu alikuwa mwanafunzi wake. Jumapili, baada ya misa, ndiye aliyekaa mbele kabisa alipokuwa anawafundisha akina mama habari za matapeli wa simu.

"Namba yako ya siri ni kama tonge ulilokwisha kulitafuna," alikuwa amewaambia. "Humpi mtu. Hata huyo wa kibandani mnayemwambia 'nibonyezee, mwanangu,' msimpe! Ukiambiwa umetumiwa pesa kwa makosa, usiamini ujumbe, tazama salio. Ukiambiwa mwanao amegongwa, kata simu, umpigie mwenyewe kwa namba yake."

Wazee wa Kyamulonge walicheka wenyewe kwa wenyewe. Wote walikuwa wakimnong'oneza Ssempala namba zao. Lakini Jumatatu Leokadia alibadilisha yake, na Jumanne saa tano asubuhi alimpigia Inspekta, sauti imejaa furaha.

"Mwalimu, leo wamenijaribu! Eti hospitali, Goreti wangu kagongwa na bodaboda, mimba yake ya miezi mitatu itatoka nisipotuma pesa ya daktari. Nikakata! Nikampigia mwanangu. Yuko saluni Masaka anasuka watu, mzima kama kengele!"

"Hongera, mama! Na mimba?"

"Nilipomuuliza akanyamaza, akakata simu. Basi ipo. Sasa nieleze, mwizi kajuaje nisilolijua mimi mama yake?"

"Namba iliyokupigia unayo?"

"Imo humu simuni, ila kuandika sijui. Naipeleka kibandani aniandikie kwenye karatasi."

"Vizuri," Teopista alimjibu. "Nakuja saa nane."

Vizuri! Neno hilo lilikuwa linamkaba sasa. Akatoka nje, akachuchumaa mbele ya Lubyayi.

"Ulikuwa wapi mchana huu?"

"Shambani, nnyabo." Alitema damu. "Upembo niliuacha umeegemea ukuta hapo nje. Niliporudi nikachungulia mlangoni, nikapiga yowe. Hao wakanirukia mimi."

Teopista alitazama miguu yake. Alikuwa peku, nyayo pana zenye magaga. Hakuna kiatu duniani kilichowahi kuingia pale.

"Nani aligombana naye?"

"Hakuna. Labda niseme Ssempala, lakini ule si ugomvi, ni maringo tu. Zamani alikuwa akipokea simu ya bibi mkononi. Tangu Pasaka hataki, mpaka bibi aiweke kwenye kaunta ndipo aichukue. Bibi akawa anamtania, 'Mkono wangu una upele?'"

Teopista alinyanyuka, akamwita Ssempala.

"Mama alikuja kwako leo?"

"Alikuja, nnyabo, saa sita na nusu. Nikamwandikia namba, akaondoka."

"Karatasi iko wapi?"

"Muulize mwenye upembo."

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Gari la kuchukua maiti lilifika saa tisa na robo, na Teopista akaomba wanaume sita wabebe. Walijitokeza watano upesi.

"Ssempala, shika upande wa kichwa."

"Mimi maiti siziwezi, nnyabo."

Kuogopa maiti si kosa. Ila blanketi lilipopita na mzigo wake, yeye hakurudi nyuma tu. Aliiacha njia kabisa, akasimama ndani ya migomba, ameinamisha uso na kugeuza mgongo. Kila Muganda aliyekuwepo amewahi kuona mwanamume akipisha njia namna hiyo. Hupishwa mtu mmoja tu, naye ni mama mkwe. Mkwe hamgusi, hapokei kitu mkononi mwake, haingii ndani mwake. Akithubutu, wazee wanasema, atapatwa na obuko, atatetemeka mikono mpaka kaburini.

Teopista aligeuka, akautazama mlango. Hatua moja ndani ya mlango. Simu ikavutwa kwa mti. Jani likarushwa. Lakini Leokadia hakuwa na mkwe! Binti yake mmoja, Goreti, hajaolewa.

Goreti alifika kwa bodaboda, akaanguka kwenye ule mkeka wenye damu, akalia mpaka sauti ikakwama. Teopista alimwinua, akampeleka pembeni.

"Mwanangu, nani anajua mimba yako?"

"Mwenye mimba tu."

"Ni nani?"

"Tulikubaliana nisimtaje. Mwezi wa kumi na mbili ndiyo anakuja kujitambulisha kwa wazee na zawadi zake. Mama hakumjua." Alishika tumbo. "Nilimkatia simu, nnyabo! Neno lake la mwisho lilikuwa swali, nami nikamkatia!"

Teopista aliuokota mkekani ule mshipi ulioraruka, ukiwa mzito kwa damu, akawasogelea wanaume waliokuwa wamekaa kwenye nyasi.

"Kila mmoja aushike, aniambie mara ya mwisho kumwona marehemu."

Wa kwanza akaushika. Wa pili akaushika akibubujikwa na machozi. Ulipomfikia Ssempala, alificha mikono kwapani.

"Uweke chini, nnyabo. Nitauokota."

"Shika."

"Siwezi kushika nguo ya..."

"Ya nani? Malizia. Mama mkwe wako?"

Goreti alipiga ukelele uliowatoa kunguru migombani.

"Ssempala! Ni wewe?"

Ssempala alikurupuka kukimbia. Konstebo Byamukama alimpiga mtama, akatua kifudifudi penye meno ya Lubyayi. Kibandani, ndani ya gunia la maharage, walizikuta simu mbili, ya Leokadia ikiwa na damu kwenye kioo, na nyingine ndiyo ile iliyompigia asubuhi.

"Nilibadilisha sauti," alisema Ssempala, uso umejaa tope. "Aliponionyesha simu nimwandikie namba, bila kuiachia, niliona yangu mwenyewe. Akaniambia, 'Mwizi huyu ndiye aliyempa mwanangu mimba, leo saa nane polisi watamjua.' Nikamdanganya mtandao mbovu, aende, nitamfuata. Nilitaka simu tu, jamani. Akaikumbatia, akaanza kupiga kelele!"

"Na hiyo pesa uliyokuwa unamtapeli ilikuwa ya nini?"

Ssempala alimtazama Goreti, kisha akatazama chini. "Ya zawadi za kujitambulisha. Ng'ombe, sukari, na gomesi ya mama mkwe. Hariri."

Hapo kundi likachafuka upya, yuleyule mwenye tairi mbele. Teopista aligonga bastola yake kiunoni.

"Rudisheni tairi lenu! Saa nane mlitaka kumchoma asiye na hatia. Leo hamna haki ya kumgusa mtu."

Lubyayi, aliyefunguliwa pingu, alikuwa anaokota meno yake, anayapangusa kwenye shati.

Teopista alichuchumaa kumfunga Ssempala pingu hizohizo. Mara ya kwanza zilimponyoka, na ya pili vilevile, kwa kuwa mikono ya kijana ilikuwa inatetemeka vibaya, viwiko mpaka vidole, na hakuweza kuizuia. Ssempala aliitazama mikono yake kwa hofu kuu, macho yamemtoka.

"Sikumgusa!" alipiga kelele. "Naapa, nnyabo, hata kidole sikumgusa!"